Ufundi Nyumbani: Pikipiki Mpya Ikifika Kilomita 500



Tuseme umenunua pikipiki mpya. Labda umeuza pamba, au mpunga, au ng'ombe wawili. Labda umeichukua kwa mkataba, na kila wiki unapeleka fedha kwa mwenyewe. Pikipiki inang'aa. Inawaka kwa teke moja. Husikii mlio wowote mbaya.

Sasa tazama mita iliyo mbele ya usukani. Pale pana tarakimu za kilomita. Zikifika 500, pikipiki yako inataka kazi. Vitabu vingine vinasema 500, vingine 750, vingine 1000. Wewe fuata kitabu cha pikipiki yako. Kazi hiyo inaitwa matengenezo ya kwanza. Watu wengi huyaacha. Wanasema, "Kitu kipya kinatengenezwaje?"

Swali hilo ni zuri. Basi tulijibu.

Ndani ya injini kuna vyuma vinavyosuguana. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda. Meno ya gia yanashikana na kuachana. Vyuma hivi vikitoka kiwandani vinaonekana laini, lakini vina mikwaruzo midogo sana. Katika kilomita za kwanza vinasagana mpaka vizoeane. Unajua jiwe jipya la kusagia. Unga wake wa kwanza una mchanga, na hakuna mama anayeusonga ugali. Injini nayo ina unga wake wa kwanza. Huo ni unga wa chuma. Unazunguka ndani ya oili, na oili inaupeleka kila mahali. Usipoumwaga, utaendelea kula vyuma vile vile vilivyoutoa.

Ndiyo maana oili ya kwanza hukaa muda mfupi kuliko oili zote zitakazofuata. Usiitazame rangi yake. Inaweza kuonekana bado nzuri, nayo imejaa unga.

Kijana aliyechukua pikipiki kwa mkataba na afikiri hapa. Injini ikifa kabla deni halijaisha, deni halifi pamoja nayo. Ataendelea kulipa pikipiki iliyolala chini ya mwembe. Chupa moja ya oili ni fedha kidogo mbele ya mzigo huo.

Jambo hili linajulikana tangu zamani. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza pikipiki iliyoitwa CG125. Ilitengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako watu hubeba mizigo mizito na mara nyingi husahau kubadilisha oili. Wahandisi wake waliijenga injini iweze kuvumilia. Viwanda vingi vya China viliiga injini ile, na pikipiki nyingi za vijijini kwetu ni wajukuu zake. Ni injini ngumu kweli. Lakini kuvumilia si kupona. Nayo pia huchoka.

Kwanza soma

Umejifunza kusoma na kuandika. Hapa kisomo kinalipa. Kila pikipiki mpya huja na kitabu kidogo. Mara nyingi kimeandikwa Kiingereza, na watu wengi hukitupa chini ya kitanda. Usikitupe. Picha zake hazina lugha, na tarakimu ni zile zile unazozijua. Tafuta ukurasa wenye jedwali la kilomita. Kama maneno yanakushinda, mwombe mwalimu wa shule akusomee ukurasa huo mmoja tu.

Chukua daftari. Andika kiasi cha oili na aina yake. Andika upepo wa tairi la mbele na wa tairi la nyuma. Andika mnyororo unatakiwa kulegea milimita ngapi. Hizo ndizo tarakimu utakazozihitaji leo.

Katika kitabu hicho angalia pia karatasi za dhamana. Wauzaji wengi hutoa matengenezo ya kwanza bure, na wanataka uipeleke pikipiki kwao na kugonga muhuri. Ukiifanya kazi mwenyewe bila kuwauliza, huenda ukapoteza dhamana. Kwa hiyo waulize kwanza, kwa simu au kwa mtu anayekwenda mjini. Kama duka liko karibu na kazi ni bure, mimi nasema ipeleke, kisha simama hapo uone wanavyofanya. Kama duka liko mbali, nao wamekubali uifanye mwenyewe, endelea kusoma. Kama pikipiki ni ya mkataba, mwenyewe naye aulizwe. Chombo bado ni chake.

Oili

Nunua oili kabla ya kufungua chochote. Soma maandishi ya kwenye chupa. Tafuta tarakimu kama 20W-50 au 10W-30, kama kitabu kinavyosema. Tafuta pia alama 4T. Alama hiyo ina maana ya pikipiki za aina hii yako. Ukiona 2T, iache. Hiyo huchanganywa na petroli kwa injini za namna nyingine, kama misumeno ya kukatia miti. Na usikubali kuuziwa oili ya gari kwa kuambiwa kuwa oili zote ni moja. Katika pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingine za gari zimetiwa dawa ya utelezi, na klachi ikiteleza pikipiki hainguruki tena mlimani, inalia tu. Chupa ya oili nzuri ya pikipiki mara nyingi imeandikwa JASO MA. Hakikisha kifuniko hakijafunguliwa.

Pikipiki nyingi za ukubwa wa 125 zinameza karibu lita 1. Nyingine hupungua kidogo, nyingine huzidi. Tazama daftari lako.

Tayarisha beseni la zamani, faneli safi, matambara, na spana ringi inayoshika bolti sawasawa. Spana iliyolegea itakula kichwa cha bolti. Isimamishe pikipiki nje, mahali tambarare, juu ya stendi kubwa. Usiwashe injini ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa maana moshi wake unaua. Wala usifanye kazi hii karibu na jiko. Waambie watoto wakae mbali.

Washa injini dakika 3 au 4, kisha izime. Oili ikipata joto kidogo inakuwa nyepesi, na unga unatoka pamoja nayo. Isiwe ya moto sana, itakuunguza mkono. Jihadhari na bomba la moshi.

Fungua kifuniko cha kujazia oili ili hewa iingie. Kisha weka beseni chini ya injini. Bolti ya kumwagia iko chini kabisa ya tumbo la injini. Sasa sikiliza vizuri. Bolti hufunguka kwa kuizungusha kinyume cha saa, lakini ni kinyume cha saa kwako wewe unayetazama kichwa chake. Bolti hii inatazama ardhi. Ukiwa umesimama juu yake, akili itakudanganya na utaikaza badala ya kuilegeza. Bolti nyingi huharibika hivyo. Lala ubavu, itazame kichwani, ndipo uizungushe.

Ikilegea, malizia kwa vidole. Oili itaruka ghafla, basi ondoa mkono. Katika pikipiki nyingine, ukifungua hapo hutoka pia springi na chujio dogo la waya. Angalia kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Vipange juu ya tambara kwa mstari, kama vilivyotoka. Chujio lisafishe kwa mafuta ya taa na ulikaushe.

Acha oili idondoke dakika 10. Wakati huo chovya vidole katika oili iliyotoka, usugue, utazame kwenye jua. Ukiona vumbi linalometameta kama fedha, usiogope. Ndio ule unga. Lakini ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, usiiwashe tena pikipiki hiyo. Weka vipande katika karatasi, mpelekee fundi au muuzaji. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Sasa kurudisha bolti. Hapa ndipo mikono yenye nguvu hufanya hasara. Injini ni ya aluminiamu, nayo ni laini. Bolti ni ya chuma, nayo ni ngumu. Ukikaza kama unafunga jembe kwenye mpini, nyuzi za aluminiamu zinakatika, na tangu siku hiyo oili itavuja. Kuzichonga upya ni kazi ya gereji, tena ya fedha nyingi kuliko oili ya mwaka mzima. Basi futa bolti. Angalia washa yake; kama imepondeka au imepasuka, weka mpya. Ianzishe kwa vidole tu, mpaka iingie yenyewe mizunguko mitatu au minne. Ikikataa, imekwenda upande, itoe uanze tena. Ikifika mwisho, ndipo ushike spana fupi kwa mkono mmoja na kuikaza. Usiipige kwa nyundo. Usiongeze bomba kwenye spana.

Mimina oili mpya polepole. Usimimine chupa nzima kwa mazoea. Mimina kiasi kilichoandikwa. Funga kifuniko, washa injini dakika 2 au 3 bila kuvuta moto, zima, ungoje kidogo. Kisha pima kwa kijiti cha oili. Kijiti kina alama mbili, ya chini na ya juu. Oili iwe kati yake, karibu na ya juu. Katika Honda na nyingi zilizoiga Honda, wakati wa kupima kijiti huchovywa tu bila kukizungusha. Kitabu chako kitakuonyesha. Oili ikipungua ni hatari. Ikizidi nayo ni mbaya, hutoa povu na kutafuta pa kutokea.

Chungulia chini. Pakavu? Vizuri. Kazi kubwa imekwisha.

Mnyororo

Mnyororo mpya hulegea haraka katika kilomita za kwanza. Baadaye hutulia. Ukilegea sana utaruka meno, au utachomoka ukiwa mwendoni na kufunga gurudumu. Ukikazwa sana utakula meno na beringi.

Zima injini. Narudia, zima injini. Kuna watu wanaowasha pikipiki, wanaweka gia, kisha wanapaka mnyororo oili huku gurudumu likizunguka. Wanasema ni rahisi. Mnyororo ukikamata tambara unavuta na vidole, na kidole kikiingia kati ya mnyororo na meno hakitoki kizima. Weka gia huru, uzungushe gurudumu kwa mkono.

Sugua mnyororo kwa brashi na mafuta ya taa, ukaushe kwa tambara, kisha uupake oili nzito kidogo kwa ndani, upande unaogusa meno. Mwombe mtoto wa shule rula yake. Katikati ya mnyororo wa chini, inua na ushushe kwa kidole. Pikipiki nyingi zinataka milimita 20 hadi 30 za kucheza. Zungusha gurudumu, pima tena mahali pengine. Utakuta mahali umekaza zaidi. Hapo ndipo pa kufuata.

Kama umelegea, legeza nati kubwa ya ekseli ya nyuma, kisha zungusha nati ndogo za kuvutia, kulia na kushoto. Kuna alama kama za rula kila upande. Zifanane. Zisipofanana, gurudumu litakwenda upande na kula tairi. Kaza nati ya ekseli kwa nguvu hasa. Hii si kama bolti ya oili. Hii imeshika maisha yako. Rudisha kotapini yake, kisha pima mnyororo tena.

Tazama na klipu inayounga mnyororo. Upande wake uliofungwa utangulie kule mnyororo unakoelekea. Ukikuta kinyume, geuza.

Nati, spoku na breki

Pikipiki nyingi hufika nchini zikiwa vipande ndani ya maboksi, kisha zinaungwa huku huku. Muungaji naye ni binadamu. Kwa hiyo pita kila nati kwa spana. Anza na ekseli mbili, usukani, na bolti zilizoshika injini. Pitia bomba la moshi, stendi, na mahali pa kukanyagia. Huendi kukaza upya kila kitu. Unauliza kila nati, "Upo?" Iliyolegea inajibu yenyewe.

Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo, kwa upole. Iliyokaza inalia. Iliyolegea inajibu kama ubao. Ukikuta moja au mbili, kaza nusu mzunguko tu. Ukikuta nyingi, mpe fundi, kwa maana gurudumu litapinda ukizikaza bila kupima.

Breki ya mguu icheze kidogo, milimita 20 hadi 30, kabla haijashika. Ukigusa mnyororo umeigusa na breki ya nyuma, kwa hiyo ipime baada ya mnyororo, si kabla. Mkono wa klachi ucheze milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake. Usipocheza kabisa, klachi haishiki sawasawa na itaungua. Tairi zijazwe kama ulivyoandika katika daftari, na zipimwe zikiwa baridi. Nyuma ya pikipiki ya abiria hutaka upepo mwingi kuliko mbele.

Kwetu vumbi ni jingi, basi fungua na chujio la hewa. La sponji lioshe kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, ulikamue bila kulisokota, ulikaushe kivulini. Kisha litie oili kidogo na ulikamue tena. La karatasi usilioshe. Lipigepige tu.

Kazi ya kumwachia fundi

Imebaki kazi moja, nayo ni kupima valvu. Valvu ni milango midogo ya injini. Juu yake huachwa nafasi nyembamba kama unywele. Katika ile CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08. Huwezi kuipima kwa jicho wala kwa wembe. Inapimwa kwa visahani vyembamba viitwavyo fila geji, injini ikiwa baridi kabisa. Kama huna fila geji, usiguse. Mpelekee fundi, umwambie, "Ni ya kilomita 500, nipimie valvu." Fundi akianza kupima injini ikiwa bado ya moto, mwambie utangoja.

Na neno moja kwa wale wanaopenda injini kimya. Valvu inayogonga kidogo ni afadhali kuliko iliyobanwa ikanyamaza. Iliyobanwa haifungi mlango, na moto wa ndani huila polepole bila wewe kusikia.

Oili chafu na daftari

Oili uliyotoa usiimwage uani. Ikinyesha itakwenda kisimani, na kidogo tu kinaharibu maji mengi. Usimpake mbuzi mwenye upele, wala mtoto mwenye kidonda. Ina sumu. Irudishe katika chupa ile ile uliyonunua, andika juu yake OILI CHAFU, uifiche mbali na watoto. Siku ya kwenda mjini ipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kisha fungua daftari. Andika tarehe. Andika kilomita. Andika ulichofanya na aina ya oili uliyotia. Funga risiti ya oili ndani yake. Siku muuzaji akisema hukuitunza pikipiki, au siku ukitaka kuiuza, daftari hilo litasema kwa niaba yako.

Iendeshe polepole mpaka barabarani na kurudi. Jaribu breki ukiwa bado uani. Ukirudi, chungulia tena chini ya injini na ushike nati ya ekseli. Mpaka uzidi kilomita 1000, usivute moto mpaka mwisho, wala usipakie mishikaki. Katika daftari, mstari wa chini, andika kilomita za kubadilisha oili mara ya pili, kama kitabu kinavyosema. Andika kubwa, ili hata mdogo wako akiichukua pikipiki azione.

Mwezi ujao tutafungua plagi. Tutaona rangi yake inasema nini juu ya injini yako.